Tupeane uzoefu: dawa ya nywele inatuaga, wewe kichwani sasa hivi una nini?

Mama Sinza

Wapendwa habari zenu. Leo tuongelee nywele, maana naona kuna kitu kinaisha mbele ya macho yetu na hakuna anayekisema. Dawa ya nywele, ile ya kunyoosha. Tuliokulia Dar miaka ya tisini na elfu mbili tunajua, binti akimaliza tu form four, majibu hata hayajatoka, kichwa kimeshawekwa dawa, ndo ilikuwa alama kwamba habari za kunyoa za shule zimeisha na wewe sasa ni dada mkubwa. Na ukishaweka ndo umeingia mkataba, ritachi, yaani kupaka dawa kwenye mizizi mipya iliyoota, kila wiki sita mpaka nane, kuseti na rola, unakaa chini ya drai masikio yanawaka, Jumamosi yote imeenda. Sasa hivi pita saluni za Sinza, Mwenge, Tabata, angalia waliokaa kwenye viti. Huyu anasukwa, yule anaoshwa nywele zake za asili na kupigwa stimu, mwingine kaleta wigi lake linyooshwe na pasi, na wa dawa utamkuta mama mmoja mtu mzima ambaye hajawahi kubadilisha msusi.

Mimi niliacha nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa pili, ile harufu tu ilikuwa inanitapisha, nikasema nitarudia nikijifungua, nikajifungua, nikanyonyesha, nywele zangu zikawa zimeshaota nzito nzuri hivi nikazionea huruma. Sikufuata kampeni ya mtu. Sasa hivi nina twisti zangu mwenyewe, kipindi cha baridi naongezea rasta, zile nywele za bandia za kusukia.

Tusimuliane basi, uliacha nini, kwa nini, una nini sasa, na mabinti zetu unaona wanaelekea wapi. Tuandike ya kwetu, ya kusikia tuyaache.

Fundi wa Tabata

Asante dada kwa mada, hii ndo kazi yangu inayonilisha hivyo naomba niandike kwa urefu.

Nilipoanza kama msaidizi, kazi yangu ilikuwa kupaka vaselini pembezoni mwa kichwa na kwenye masikio kabla fundi hajaanza kupaka dawa, na kumuuliza mteja kama amejikuna. Ukishajikuna siku hiyo au jana yake usiweke, kidonda kidogo kama ncha ya sindano dawa ikikifikia unaruka kwenye kiti. Watu wanasema dawa ni mafuta ya kulainisha, hapana. Ile kali ina kostiki soda, hiyohiyo wanayopikia sabuni. Ile ya "haiunguzi", ya kuchanganya vikopo viwili, ina chokaa, inaunguza taratibu zaidi lakini inaziacha nywele kavu sana usipoziosha vizuri. Zote zinafanya kazi moja, zinavunja vile viungo vya ndani ya unywele vinavyoufanya ujikunje, na vikishavunjika havirudi, ndo maana ukitaka nywele yako ya zamani lazima usubiri iote nyingine.

Sasa kilichobadilika. Zamani kwa siku ya Ijumaa nilikuwa naweka dawa vichwa mpaka mikono inapauka, mteja mmoja nusu saa, saa nzima na kuseti, hela inaingia haraka. Leo drai zangu mbili nimeweka pembeni zimefunikwa kanga. Mteja wa leo anakuja na picha kwenye simu anataka notilesi, ile misuko ambayo unaanza na nywele yake mwenyewe kidogo halafu unaongezea rasta taratibu ukiwa unashuka, hamna kile kifundo kwenye ngozi. Ni nzuri, nyepesi, haivuti kichwa, lakini ni nusu siku nzima nimesimama, miguu inavimba. Bei ni kubwa kuliko dawa ndiyo ila vichwa ni vichache. Mafundi wengi wa rika langu waliokuwa wanajua dawa tu wamefunga, wamekwenda kuuza vitu vingine. Waliobaki ni wanaojua kusuka, na kusuka tulikuwa tunaona ni kazi ya chini, ya kibarazani, eti msusi wa mtaani. Leo msusi ndo fundi mkuu na sisi tunajifunza kwake.

Na kinachorudi msishangae, ni uzi. Wadada wanakuja nawasuka kwa uzi mweusi kama bibi zetu, wanakaa nao siku mbili tatu, wakifumua nywele imenyooka na kurefuka bila moto wala dawa.

Shangazi wa Ilala

Shikamooni wakubwa wenzangu, wadogo marahaba. Mimi nimeona mengi kwenye kichwa cha mwanamke wa mji huu. Nilikuwa mdogo ilipokuja Operesheni Vijana, mwaka 1969 mwanzoni, vijana wa TANU Youth League walipiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kujichubua na WIGI. Ndiyo, wigi. Dada zetu waliokuwa wanafanya kazi maofisini walikuwa nayo, yakafichwa kwenye masanduku. Na kabla hata marufuku haijaanza, mwaka 1968, mabinti walikuwa wanazongwa kwenye vituo vya basi Kariakoo kwa sababu ya mavazi, mama yangu alikuwa anamsindikiza dada yangu mkubwa mpaka kituoni. Kwa hiyo nikiwaona wajukuu wamevaa wigi refu mpaka kiunoni wanatembea Kariakoo hiyohiyo na hakuna anayewagusa, moyo wangu unafurahi, hata kama wigi lenyewe silipendi.

Halafu ikaja kalikiti miaka ya themanini, ile ya kuzifanya nywele ziwe mawimbi ya kulowa. Mnaokumbuka mnajua. Nywele zinang'aa maji, unapuliza ile dawa yake yenye gliserini asubuhi na jioni, la sivyo zinakauka na kusimama. Foronya zote za nyumbani ziliharibika, kola za mashati ya wanaume nazo, na walalaji wenyewe tulilala na mfuko wa nailoni kichwani. Tulidhani haitaisha. Iliisha kimyakimya tu, dawa ya kunyoosha ikakaa mahali pake, na sasa nayo inaondoka.

Mimi mwenyewe sasa ni mvi tupu na nimezikata fupi. Nilipaka rangi kwa miaka mingi, nimeacha, na wanawake wa umri wangu kanisani wameanza kuniiga. Hilo nalo liandikwe, kupaka mvi rangi kunapungua kwa watu wazima.

Nesi Dodoma

Mimi nimeacha kwa sababu ya kazi. Mwezi Oktoba 2022 ulitoka utafiti wa Marekani, walifuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Waliokuwa wanatumia dawa za kunyoosha nywele mara nyingi, yaani zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio yao ya kupata saratani ya mfuko wa uzazi wakifika miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05, na ambao hawajatumia asilimia 1.64. Naomba nisieleweke vibaya, utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yanaenda pamoja, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo inayosababisha, na wengi sana waliotumia hawakuugua. Ila mimi nilijiuliza, ritachi yangu ni mara ngapi kwa mwaka? Sita, saba. Nikasema inatosha.

Lakini nataka niwaambie wanaokimbilia misuko na wigi kwamba wamekimbia moto, wasije wakaingia kwenye jua kali. Ninachokiona zaidi kwa macho yangu ni pembe za kichwa, hapa juu ya masikio na kwenye paji. Rasta nzito zilizobanwa, mabutu ya watoto yanayovuta mpaka macho yanakuwa membamba, gundi ya wigi la lesi inayopakwa juu ya vinywele vya mbele na kung'olewa kwa nguvu. Kwanza vinatoka vipele vidogo kwenye mizizi, halafu nywele zinakatika, halafu ngozi inakuwa laini inang'aa, na ikifika hapo mara nyingi nywele hazioti tena. Vipele ndiyo onyo. Msusi akikwambia utazoea, mwambie afumue. Kwa watoto wadogo nasisitiza mara mbili.

Mtoto wa Meru, Arusha

Mimi naomba niwe upande wa pili. Bado naweka dawa na sina mpango wa kuacha leo. Nafanya kazi ya kaunta, naingia asubuhi sana, nywele yangu ikiwa na dawa naichana dakika tano nafunga nyuma naondoka. Nilijaribu asili, jamani ile ni ajira. Kondishena, mafuta matatu tofauti, stimu kila baada ya wiki mbili, kuloweka, kusuka vitwisti usiku ili asubuhi ufumue, na mvua ya Arusha ikikunyeshea zote zimerudi ndani. Nilikuwa natumia hela zaidi ya ritachi. Watu wanasema asili ni bure, bure ya wapi? Wanaouza hizo shea bata na mafuta ya mnyonyo wanatajirika. Dada Nesi nimekusoma na nimepunguza, sasa naweka mara tatu kwa mwaka na nina fundi mmoja tu anayejua kichwa changu. Naheshimu wanaoacha, ila tusitazamane kama vile mwenye dawa hajipendi. Najipenda sana.

Mwana wa Nairobi

Huku kwetu mimi naona dredi ndizo zimechukua. Zamani mtu wa dredi aliitwa mhuni, polisi wanamsimamisha, landlord anakunyima nyumba. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana wa Kirastafari aliyefukuzwa shule kwa sababu ya dredi arudishwe darasani, na baada ya hapo naona hata wazazi wamelegea. Mimi nilianza zangu kitambo, nilikuwa nasongwa pale Kenyatta Market, ukikaa tu wasusi watatu wanne wanashika kichwa kila mtu upande wake, braids za kiuno zinaisha ukiwa bado hujamaliza soda. Napenda ile soko mpaka leo. Lakini nilichoka kufumua. Dredi hazifumuliwi, ni kukaza mizizi tu, na bosi wangu ofisini naye anazo, mama wa suti. Mamangu mzazi alilia nilipomwambia. Mwaka jana ameniuliza kama mvi zinaweza kushika dredi. Zinaweza mama.

Kinyozi wa Buguruni

Wanaume hatuongelewi? Nimenyoa denge, nimenyoa panki, nimenyoa kiduku mpaka watoto wa shule wakawa wanaficha kwa kofia. Kiduku sasa hivi akija mtu mmoja kwa wiki ni wengi. Vijana wanataka fedi, pembeni chini kabisa na juu zimeachwa zisuguliwe na sponji zijikunje. Kwa hiyo na wao wanafuga asili kama dada zao. Na jambo ambalo halikuwepo, wanawake wanakuja kwangu. Kiti changu siku za Jumapili ni wadada wamekuja kukata zile ncha zenye dawa zote, wanabaki na kifupi, wengine tunaweka blichi ya dhahabu. Wengine wanatoka machozi mkasi ukipita, nawapa muda, nasimamisha mashine kwanza.

Bi Harusi wa Unguja

Langu si la nywele lakini linafanana. Piko. Kwetu biharusi huwa anachorwa hina na piko, nyekundu ndani na nyeusi pembeni, inapendeza mno. Ila piko nyingi za sasa ni ile rangi nyeusi ya nywele ya kwenye pakiti, ina dawa inaitwa PPD, ikikaa juu ya ngozi inaweza kukutoa malengelenge. Binamu yangu alivimba mikono yote miwili siku ya tatu ya harusi, alama za maua zikabaki zimetuna miezi. Na tuliambiwa hospitali kwamba sasa asipake tena rangi ya nywele maisha yake, mwili umeshaikataa. Nilipoolewa mimi nilimwambia mchoraji hina tupu. Hina ya kweli inatoka ya chungwa kwanza halafu inaiva kwa siku moja mbili, ukiona imekuwa nyeusi tii ndani ya saa moja hiyo sio hina. Mashoga zangu watatu walioolewa baada yangu wote wameomba kama yangu, na kikuba cha asumini kimerudi kwenye nywele za biharusi badala ya yale maua ya plastiki.

Binti wa Mbeya

Nimesoma yote. Nina dawa tangu nimalize shule, nataka kuacha ila sitaki kunyoa, sura yangu haipendezi na kipara. Fundi wa Tabata naomba nisaidie, nifanyeje nywele zisikatike?

Fundi wa Tabata

Mdogo wangu usinyoe kama hutaki. Acha tu ritachi kuanzia leo. Nywele inaota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, kwa hiyo baada ya miezi michache utakuwa na nywele mbili kwenye unywele mmoja, huku nchani yenye dawa na huku kwenye mizizi ya asili, na pale zinapokutana ndo panapokatika. Ukichana zikiwa kavu unapavunja. Chana zikiwa na maji na kondishena, kwa chanuo la meno mapana, anzia nchani ukipanda juu, usianzie kwenye ngozi kushuka. Suka twende kilioni ya kawaida isiyobana, ufiche hiyo sehemu, kaa nayo wiki mbili tatu, fumua, osha, pumzisha kichwa siku chache, suka tena. Kila ukifumua mwambie msusi akate ncha kidogo, kidole kimoja. Ikifika mwaka na nusu hivi zile za dawa zitakuwa zimeisha zenyewe na hutakuwa umenyoa hata siku moja. Na pasi weka mbali kabisa kipindi hicho. Ukikwama niandikie hapahapa, tuma na picha ya nyuma ya kichwa, huko ndo huwa zinaanza kukatika na mwenyewe huoni.