Deki ya Toshiba imeandikwa HD DVD, mbona inakataa Blu-ray?

Kijana wa Chilonwa

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Niko Dodoma mjini, naishi Nkuhungu. Kuna jamaa karibu na soko la Majengo anauza vyombo vya umeme vya mtumba vinavyokuja kwenye makontena kutoka Uingereza. Nimenunua kwake deki ya Toshiba HD-E1 kwa elfu arobaini na tano. Ni nzito, safi, ina tundu la HDMI, na nyuma imeandikwa volti 220 hadi 240. Nilifurahi kwa sababu shemeji yangu karudi kutoka Dubai na Blu-ray kadhaa, za wanyama na za vita, na TV yangu ni flati ya inchi 43.

DVD za kawaida inapiga vizuri sana, hata zile za Bongo movie za zamani. Nikiweka Blu-ray inazunguka, inasitasita, halafu inaandika kwamba diski haisomeki. Muuzaji anadai ni lenzi, nimpe elfu thelathini aibadilishe. Rafiki yangu anasema nisitoe hela, eti hizi ni fomati mbili za kampuni zilizogombana zamani.

Naomba kujua: lenzi ikibadilishwa itasoma? Na ilikuwaje kampuni kubwa namna hiyo zikashindwa kuelewana juu ya diski tu?

Mtu wa Kisasa

Mkuu, usitoe hata mia. HD DVD ya Toshiba ilikufa 2008. Blu-ray ya Sony na wenzake ilishinda kwa sababu ni bora, diski ya tabaka mbili ina GB 50 na mwenzake ana 30. Soko huchagua kilicho bora, hamna siri hapo.

Fundi Area C

Kijana, lenzi hiyo hata ukiiweka mpya kabisa haitasoma. Nitakueleza sababu ili huyo muuzaji asikuzungushe.

Fomati zote mbili zinatumia leza ileile ya bluu-zambarau, ya nanomita 405. DVD ya kawaida inatumia leza nyekundu ya nanomita 650, na deki yako inayo hiyo pia, ndiyo maana DVD zinapiga. Tofauti iko kwenye kina. Kwenye HD DVD data imelala milimita 0.6 chini ya uso wa diski, sawasawa na DVD. Kwenye Blu-ray iko milimita 0.1 tu, karibu kabisa na uso. Kwa hiyo lenzi ya Blu-ray imetengenezwa kukusanya mwanga kwa nguvu zaidi na kwa kina kingine, na alama zake kwenye diski ni ndogo zaidi. Hapo ndipo GB 25 kwa tabaka moja zinapotoka, wakati HD DVD inaishia GB 15. Lenzi yako ikiielekea Blu-ray ni kama mtu aliyevaa miwani ya mwenzake: macho mazima, maandishi hayaonekani. Na hata ingeona, programu iliyomo ndani ya deki haiifahamu Blu-ray.

Kina hicho ndicho kilichozuia mapatano. HD DVD ingeweza kutengenezwa kwenye mitambo ya viwanda vya DVD kwa marekebisho machache. Blu-ray ilidai mitambo mipya, na mwanzoni diski zake zilihifadhiwa ndani ya kasha kwa kuogopa mikwaruzo, mpaka kampuni ya TDK ilipopata rangi ngumu ya kupaka juu.

Mama Maktaba

Marahaba wanangu. Fundi ameeleza vizuri. Mtu wa Kisasa, hapo kwenye "ni bora" sikubaliani nawe, na nitakueleza kwa nini, maana biashara hii nimeila na kuilala.

Nilikuwa na maktaba ya kanda za video hapa Dodoma tangu Tanzania Bara haina kituo hata kimoja cha televisheni. Wakati huo mtu akinunua TV, anainunua kwa ajili ya deki. Kipindi cha Bunge nyumba za wageni zilikuja kukodi deki na kanda kwa pamoja. Miaka yote hiyo sikumbuki mteja aliyeniuliza mkanda huu ni wa mfumo gani. Waliuliza, "Mama, ile ya Kihindi imerudi?" Waliokuwa na deki za Betamax, mfumo wa kanda wa Sony, walikuja mara chache, wakaangalia rafu zangu zimejaa VHS, mfumo wa mpinzani wake, wakaondoka mikono mitupu. Picha ya Betamax ilisifiwa na mafundi wote. Haikuwasaidia kitu, kwa sababu filamu walizozitaka hazikuwepo.

Sony waliumia pale, na mimi naamini hawakusahau. Mwaka 1989 walinunua Columbia, wakawa na filamu zao wenyewe. Kisha ikaja DVD. Mwaka 1995 Sony na Philips walikuwa na mfumo wao, Toshiba na wenzake wana wao, wakalazimika kuungana, na DVD iliyotoka ilifuata zaidi mchoro wa Toshiba. Mwenye hati miliki hulipwa kwa kila diski na kila deki inayouzwa duniani. Ilipofika zamu ya diski za picha kali, Toshiba hakutaka kuacha kiti na Sony hakutaka kukosa tena. Walikaa mezani mwaka 2005, wakashindwana.

Ubora? Zote mbili zilitoa picha kali ileile, ya 1080p, na ziliruhusiwa kutumia mbinu zilezile za kubana video. Studio ya Warner, waliokuwa wakiuza kwa pande zote mbili, mara nyingi walitia faili lilelile la picha kwenye HD DVD na kwenye Blu-ray. Ukizipiga zote, unaangalia kitu kimoja. Zaidi ya hapo, HD DVD haikuwa na kufuli la maeneo, lile linalozuia diski ya eneo moja la dunia kupigwa kwenye deki ya eneo lingine. Blu-ray inalo, na sisi Afrika tumewekwa herufi B pamoja na Ulaya. Kwa mtu wa huku anayeletewa diski na ndugu kutoka nchi mbalimbali, iliyoshindwa ndiyo iliyokuwa rafiki zaidi.

Bei nayo ilikuwa upande wa Toshiba. Deki yake ya kwanza iliingia Marekani Aprili 2006 kwa dola 499, na ya Samsung ya Blu-ray ikafuata Juni kwa kama dola 1,000. Lakini Novemba 2006 Sony akatoa PlayStation 3 ikiwa na Blu-ray ndani. Hapo ndipo ninapomvulia Sony kilemba. Mzazi ananunua mchezo wa mtoto, kumbe ameingiza deki ya Blu-ray sebuleni bila kuitafuta. Microsoft, aliyekuwa upande wa Toshiba, aliuza kisomeo cha HD DVD kando, dola 199 juu ya bei ya Xbox 360. Kitu cha kuongezea huwa hakinunuliwi na kila mtu, hilo muulize yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta.

Sasa studio. Disney, Fox na Sony wenyewe walikuwa Blu-ray. Universal alikuwa HD DVD. Paramount alikuwa anauza zote, akaiacha Blu-ray Agosti 2007, na magazeti ya Marekani yaliandika kwamba yeye na studio ya DreamWorks waliahidiwa jumla ya dola milioni 150. Novemba hiyo maduka ya Walmart yaliuza deki ya Toshiba kwa dola 98 na senti, watu wakazigombea. Tarehe 4 Januari 2008 Warner wakatangaza watabaki na Blu-ray peke yake. Kundi la HD DVD likafuta mkutano wake na waandishi kule Las Vegas. Februari Netflix, waliokuwa wakikodisha diski, na maduka ya Best Buy na Walmart wakajiondoa mmoja baada ya mwingine, na tarehe 19 Toshiba akasalimu amri.

Hesabu mwenyewe: kutoka Novemba hadi Februari. Baba aliyempelekea mkewe deki ya dola 98 kwa Krismasi, akanunua na diski za kuanzia, alikuwa na kitu kilichokufa kabla hakijapata vumbi. Hilo ndilo linaloniuma kila nikisikia watu wanasema soko lilichagua. Yule baba hakuulizwa. Waliochagua ni watu wachache wenye filamu kwenye makabati yao, na gharama ya ugomvi ikaangukia kwa aliyelipa dukani.

Huku kwetu vita hivyo havikufika. Mwaka 2008 wateja wangu walikuwa na TV za chogo na VCD, na zile DVD zenye filamu nyingi kwenye diski moja. Kwenye chogo picha ya 1080p huioni hata ikiwepo.

Kijana wa Chilonwa

Mama shikamoo, na asante sana. Fundi ubarikiwe. Nimemrudia muuzaji, amegoma kurudisha hela ila hajazungumzia tena lenzi. Kuna mashine inayosoma zote mbili? Na hii niitupe?

Fundi Area C

Zilikuwepo. LG walitoa BH100 mwanzoni mwa 2007, Samsung nao wakawa na yao. Ila kuipata hapa ni bahati, na HD DVD za kuipigia utazitoa wapi? Usipoteze hela huko.

Yako usitupe. Ni deki nzuri ya DVD, inaikuza picha hadi 1080i kwa HDMI, kwenye inchi 43 utaona tofauti. Ila DVD halisi za dukani kutoka nje zinaweza kukataa, maana DVD nazo zina kufuli la maeneo, na hiyo ni ya eneo namba 2, Tanzania tuko namba 5. Ifunike kwa kitambaa wakati huitumii. Vumbi la Dodoma wakati wa upepo wa Agosti linaua lenzi kuliko uzee.

Mama Maktaba

Marahaba mwanangu. Kama una DVD za harusi au za misiba ya nyumbani zilizochomwa na wapiga video, zitumie hiyo deki kuzikagua wiki hii, na zinazosoma zihamishe kwenye hard disk mbili, moja ikae kwa ndugu. Diski za kuchoma hazivumilii joto la bati.

Kwa Blu-ray za shemeji, tafuta PS3 ya mtumba kutoka Uingereza, itakuwa ya herufi B kama yetu. Zile za mwanzo huchoka leza, michezo iliyomo ndani inacheza lakini diski haisomi. Kwa hiyo nenda na Blu-ray yako moja, iwekwe, na ukae uangalie filamu angalau nusu saa ndipo utoe pesa. Muuzaji akikataa kukuwashia, nenda kwa mwingine.