Wakuu naombeni ushauri: katuni ya Wonder Woman ya 1942, ninunue au niachane nayo?

mtoto_wa_pangani: Wakuu habari za muda huu. Niko Ohio huku Marekani, kuna mzee anauza vitu vya marehemu mkewe hapo gereji kwake, nimekuta Wonder Woman namba 1, ile yuko juu ya farasi anawavamia askari wa Kijerumani, jaladani bei senti 10. Mzee anataka dola 3,000. Huyu dada nampenda toka utotoni, anavyokinga risasi kwa bangili na ile kamba ya dhahabu, akikufunga nayo lazima useme kweli. Nichukue?

Mama_Zuu: Mwanangu dola 3,000 makaratasi? Shemeji yangu Muscat aliuziwa saa ya dhahabu, wiki haijaisha mkono umekuwa kijani.

Kidume_Tz: Nguvu zote hizo halafu mwanaume akimfunga bangili kwa mnyororo zinaisha 😂 nikamsimulie wife

karani_mstaafu: Hilo la bangili kweli lipo. Aliyemtunga, Marston, alikuwa mwanasaikolojia, alifanya kazi ya kipimo cha kugundua uongo kwa presha ya damu, ndo maana ile kamba wala hainishangazi. Mchoraji ni H. G. Peter. Huyo dada alianza kutokea kwenye jarida la All Star Comics namba 8 mwishoni mwa 1941, jarida lake mwenyewe likafuata 1942. Mleta mada, ukubwa wake ukoje?

mtoto_wa_pangani: Ni kubwa kubwa, kama gazeti.

karani_mstaafu: Umeshatoa hela?

mtoto_wa_pangani: Kishika uchumba tu, dola 800. Ilikuwa ada ya mdogo wangu ila nitairudisha. Mzee sio tapeli wakuu, akimtaja mkewe analia.

karani_mstaafu: Mdogo wangu, simama hapo hapo. Miaka ya 70 DC, wachapishaji wa Wonder Woman, waliichapa upya hiyo namba 1 kwa umbo kubwa, urefu kama inchi 13 na nusu, wakati ya 1942 ni kama 10 na nusu. Ilikuwa na jalada la nje linalosema ni toleo la kurudiwa, ukilinyofoa unabaki na jalada la ndani linalofanana na la 1942. Watu wamepigwa sana hapo. Mzee mwenyewe huenda hajui.

mtoto_wa_pangani: Lakini pini zake zina kutu na ina harufu ya kabati la zamani, mie nimeishika

Kidume_Tz: Kutu hata baiskeli yangu inayo

Msema_Kweli: Hii chai wakuu. Huyu mwezi uliopita alikuwa anauliza nauli ya Muscat Dar, leo yuko Ohio na mzee analia. Leta picha na rula pembeni.

Kidume_Tz: Chai ya tangawizi 😂

Mama_Zuu: Muacheni mtoto wa watu, hata kama ni chai mwingine atajifunza.

mtoto_wa_pangani: Nauli nilimuulizia dada yangu, yeye ndo yuko Muscat. Nimetoka kwa mzee sasa hivi na rula ya mwanangu. Inchi 13 na nusu.

karani_mstaafu: Pole. Rudi kesho asubuhi umwonyeshe hiyo rula, uombe hela yako kwa upole.

Mama_Zuu: Ada ya mdogo wako mwisho lini?

mtoto_wa_pangani: Ijumaa.