Ruzuku ya NIH kwa utafiti wa kifafa: niombe kupitia chuo au shirika letu? Ushauri tafadhali

Nyalenda Juu
Salaam wadau. Niko Kisumu, nafundisha chuoni na siku mbili kwa wiki nashika kliniki ya mishipa ya fahamu. Nataka kuomba R21 ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), ile ruzuku ya kuchunguza wazo jipya, dola 275,000 kwa miaka miwili. Makataa ni 16 Juni. Mada ni kifafa cha watoto na tegu la nguruwe, vijiji vya Busia na Siaya. Swali langu ni moja tu: niombe kupitia chuo, au kupitia shirika dogo tulilosajili na wenzangu wawili? Chuo kitakula nusu ya hela na kila hundi itazunguka meza saba. Kuna jamaa hapa mjini anatusajilia shirika kwenye SAM, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaoomba hela zake, kwa shilingi 85,000. Kazi ya awali tumeshafanya, data ziko, kimebaki kuandika tu. Usingizi umepotea jameni.

Karata Moja
Huyo wa 85,000 mwache alivyo. Usajili wa SAM.gov ni bure, na NCAGE ni bure pia. Unaanza na NCAGE, nambari inayotolewa kwa mashirika yaliyo nje ya Marekani. Ukiipata ndipo unaingia SAM, ambako unapewa UEI, nambari ya utambulisho wa shirika (hii ndiyo iliyochukua nafasi ya nambari ya zamani, DUNS, tangu Aprili 2022). Baada ya hapo unajisajili eRA Commons na Grants.gov, mifumo ya kutuma na kufuatilia ombi, hizo mbili unaweza kuziendesha pamoja. NIH wenyewe wanasema anza wiki 6 kabla au zaidi.

Watu wa kwetu hukwama pahali pawili. Kwanza jina na anwani: vilivyoandikwa NCAGE vifanane na vya SAM herufi kwa herufi, hata nukta. Pili, SAM haikubali sanduku la posta kama anwani ya mahali ulipo. Andika barabara, jengo na mtaa, na uwe na hati inayoonyesha anwani hiyo hiyo, la sivyo wanakurudisha mwanzo. Na usajili unaisha kila mwaka. Ukiisha wiki ya makataa, ombi halipiti.

Mama Bajeti
Kuhusu chuo kula nusu, hiyo hesabu si ya NIH. Taasisi ya nje ya Marekani hulipwa gharama za uendeshaji asilimia 8, basi. Na ule ukomo wa 275,000 ni wa gharama za moja kwa moja. Ile 8 huwekwa juu yake, haikatwi ndani. Kwa hiyo kwa ombi lako chuo kitapata kama 22,000 juu, tena pungufu kidogo kwa sababu mashine kubwa hazihesabiwi. Zako hazijaguswa. Kumbuka pia huwezi kutumia zaidi ya 200,000 katika mwaka mmoja.

Kinachokula hela kweli ni kiwango cha dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, miezi michache baadaye ikawa kama 130. Bajeti ya 275,000 iliyopangwa kwa 160 ni milioni 44. Kwa 130 ni milioni 35.75. Hiyo milioni 8 na robo ni mishahara ya wasaidizi wa nyanjani, na dola za nyongeza hupewi. Panga mishahara na mafuta kwa kiwango cha chini, siyo cha siku unayoandika.

Omosh wa Kondele
Omera, milioni 35 na unakosa usingizi? Zikiingia tukutane Dunga, mimi nitaagiza ngege mkubwa, wewe lipa.

Mzalendo Kakamega
Mimi nauliza kwa nini tunapiga magoti Marekani. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilianzisha Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti na ikasema utengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Iko kwenye karatasi. Tungefuata hiyo sheria, kifafa cha Busia kingegharamiwa na Nairobi.

Karata Moja
Mzalendo, sawa, lakini matangazo ya Mfuko hayana kalenda ya kudumu. Yakitoka yanatoka. NIH ina tarehe zake: R21 mpya ni 16 Februari, 16 Juni na 16 Oktoba. Ukiwa na wazo lililoandikwa vizuri unaweza kuomba kote kwa nyakati tofauti. Usilipwe kazi moja mara mbili tu.

Ziwa Letu
Daktari, tafuta profesa wa Marekani aombe yeye, akuweke chini yake. Ndivyo wengi wanavyofanya.

Mama Bajeti
Ndivyo walivyokuwa wakifanya. Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya zenye mikataba midogo ya kupitishia hela kwa taasisi za nje hadi utaratibu mpya uwekwe. Usijenge ombi juu ya njia hiyo kabla ya kusoma sehemu ya "nani anaruhusiwa" katika tangazo lenyewe. Angalia pia orodha ya taasisi zinazoshiriki, iko juu kabisa ya tangazo. Si kila taasisi ya NIH hupokea kila aina ya R21, na NINDS, ambao ndio wa ubongo na mishipa ya fahamu, wasipokuwa kwenye orodha hiyo unajisumbua bure. Andika ukurasa mmoja wa malengo mahususi, mtumie afisa wa programu wa NIH, muulize kama unaingia. Kujibu maswali kama hayo ni kazi yake.

Kisian Njia Panda
Nyalenda Juu, umesema "data ziko". Kibali cha maadili ni cha kamati gani na nambari yake ni ngapi?

Nyalenda Juu
Asanteni kwa hiyo ya asilimia 8, sikuijua. Mambo ya kibali yanashughulikiwa. Turudi kwenye chuo au shirika.

Kisian Njia Panda
Yanashughulikiwa maana yake nini? Kamati ya Maseno, ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi (JOOTRH), ya KEMRI au ya Eldoret? Na cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi? Jibu la swali lako linategemea hapo.

Nyalenda Juu
Sawa basi. Hatuna. Tuliona ni dodoso na EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) tu, hakuna dawa tuliyompa mtu, hakuna aliyedungwa chochote. Wazazi walikubali kwa mdomo mbele ya mzee wa kijiji. Ni watoto 140, EEG moja ya kubeba, Jumamosi tatu. Damu tulichukua kwa wachache tu, mililita 5 kila mmoja, iko kwenye friza. Mpango ni kupeleka karatasi kwa kamati sasa hivi, wakitoa kibali kitafunika na hizo. Sijui kwa nini mnalifanya kubwa.

Mtumishi wa Neno
Daktari, mzee wa kijiji si mzazi wa mtoto. Ungechukuliwa damu mwanao shuleni bila karatasi ungeketi ukinyamaza? Hofu ya Mungu kwanza, dola baadaye.

Kisian Njia Panda
Kamati haitoi kibali cha kurudi nyuma. Inaidhinisha kazi ambayo haijaanza, na barua yake ina tarehe. Mhakiki ataona data za Jumamosi fulani na kibali cha mwezi uliofuata, na hapo umemaliza safari.

Kinachoniuma ni hiki: hukuzihitaji. R21 ni ya kuchunguza wazo jipya na haidai data za awali. Unaweza kuziweka, hulazimiki. Kibali cha maadili nacho NIH hawakidai siku ya kutuma ombi, wanakidai kabla ya kutoa hela, ombi likishapata alama nzuri. Ulikuwa na nafasi ya kutosha. Ukituma 16 Juni, wahakiki hukaa Oktoba au Novemba, baraza Januari, na hela mapema kabisa ni Aprili. Hiyo ni karibu miezi 10 ya kupata kibali kwa utulivu.

Nyalenda Juu
Kwenye karatasi hawadai, lakini ombi lisilo na data litapewa alama na nani? Na kati ya kurasa 6 za mkakati wa utafiti, 4 nimeshaandika juu ya data hizi. Siwezi kutupa.

Kisian Njia Panda
Kurasa 4 kati ya 6 za data za awali ni ombi baya hata kama vibali vyote vipo. Umebakiza kurasa mbili za umuhimu na mbinu, na hizo ndizo zinazopewa alama. Jaza umuhimu kwa yaliyochapishwa: WHO inasema tegu la nguruwe huchangia takriban asilimia 30 ya kifafa katika maeneo mengi yenye ugonjwa huo. Kilifi ina tafiti nyingi za kifafa, Busia zipo za nguruwe wanaozurura.

Halafu muundo wenyewe una tundu. Antijeni (chembe za tegu) kwenye damu inakuambia mtoto ana vifuko vya tegu mahali fulani mwilini, haikuambii viko kwenye ubongo. Bila picha ya CT au MRI hujathibitisha kitu. Hiyo CT iko kwenye bajeti? Usafiri wa mtoto na mzazi kutoka Busia je? Dawa ya usingizi kwa mtoto asiyetulia?

Fundi Elektrodi
Ngojeni kwanza. Mimi hesabu zimenikataa. Elektrodi 21 kwa kichwa kimoja: upime kichwa kwa utepe, uweke alama, usugue ngozi, upake jeli, ushushe ukinzani chini ya kilo-omu 5. Msichana mwenye nywele zilizosukwa unaanza kwa kufumua. Rekodi yenyewe si chini ya dakika 20, ongeza dakika 3 za kupumua kwa nguvu, ongeza taa za kumulika. Mtu mzoefu anatumia saa moja kwa mtoto. Watoto 140 ni saa 140. Jumamosi tatu za saa 8 ni saa 24.

Ama EEG hazipo, ama hadithi nzima imetungwa. Nami nashuku ya pili. Mhadhiri anayeijua R21 kwa jina, hajui asilimia 8? Na huyu "jamaa wa 85,000" ametajwa mapema mno. Kesho mtaona mtu mpya hapa akisema "mimi alinisaidia, nambari yake hii".

Omosh wa Kondele
Haha, ngege wangu ameruka majini.

Ziwa Letu
Hata mimi niliona. Ni tangazo la biashara limevaa koti jeupe.

Nyalenda Juu
Si tangazo. Dodoso ni 140, EEG ni 22. Niliandika kwa haraka.

Fundi Elektrodi
22 kwa saa 24 inawezekana. Lakini ni wewe uliyeandika 140, EEG na Jumamosi tatu katika sentensi moja. Kwenye ombi umeandika ipi?

Nyalenda Juu
Nitasahihisha.

Mama Bajeti
Awe wa kweli au wa kubuni, kuna watu wanasoma hapa wakiwa na friza kama hiyo. Kisian, malizia utaratibu.

Kisian Njia Panda
Simamisha leo. Usiongeze mtoto hata mmoja. Usifute data wala usimwage damu, ukifanya hivyo inaonekana unaficha. Fungia dodoso na uandike nani ana ufunguo, kwa sababu majina ya watoto na ugonjwa wao ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kisha iandikie kamati ya taasisi yako barua ya ukurasa mmoja: kilichofanyika, tarehe, idadi ya kweli, damu iko wapi. Wao ndio watasema hizo sampuli zifanyweje. Usizipeleke maabara ya nje, hata kwa rafiki. Kusafirisha kunataka mkataba wa uhamishaji sampuli na kibali cha serikali.

Ombi jipya la maadili liwe na fomu ya ridhaa kwa Kiluo, Kiswahili na lugha za Busia, sahihi ya mzazi au dole gumba na shahidi, na kukubali kwa mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kuelewa. Kamati ikiidhinisha ndipo NACOSTI, kisha idara ya afya ya kaunti, zote mbili maana kaunti ni mbili.

Na hapo ndipo jibu la swali lako: chuo. NIH haitoi hela kwa utafiti wa binadamu kama taasisi haina ile ahadi rasmi ya kulinda washiriki wa utafiti, iitwayo FWA. Chuo chenye utafiti wa aina hii kwa kawaida kinayo. Shirika la watu watatu litaanza sifuri, na mhakiki atauliza maabara iko wapi, mhasibu ni nani.

Nyalenda Juu
Nikiandika hiyo barua chuo chote kitajua.

Mama Bajeti
Ombi lenyewe husainiwa na afisa wa chuo aliyeidhinishwa, si wewe. Watajua tu, ni suala la nani atawaambia. Na usihesabu saa za Washington: makataa ni saa kumi na moja jioni ya mahali alipo mwombaji, yaani saa za Kisumu. Tuma siku tatu mapema, ili mfumo ukionyesha makosa uyarekebishe kabla ya kufunga.

Nyalenda Juu
Nadhani nitasukuma hadi 16 Oktoba. Ila yule jamaa nilishampa nusu, na alisema usajili ameuanza.

Karata Moja
Aliuanza kwa barua pepe ya nani? Kama ni yake, yeye ndiye msimamizi wa shirika lenu ndani ya SAM, na kumwondoa kunahitaji barua iliyothibitishwa na wakili na kusainiwa na mkuu wa shirika. Mwulize leo. Asipojibu, uliza dawati la msaada la SAM kama jina la shirika lenu lina usajili uliofunguliwa. Usifungue wa pili juu yake.

Nyalenda Juu
Simu yake haishikwi tangu jana.