Tupeane uzoefu: mahindi ya ugenini, ulikula nini ukashangaa?

Dereva wa Tunduma (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Nimeendesha lori miaka 13, Dar kwenda Lusaka na Lubumbashi. Ukivuka Tunduma ukaingia Nakonde, ugali unabadilika jina na sura. Safari ya kwanza niliingia dukani kutafuta unga, muuzaji akaniuliza: "Breakfast au roller?" Nikamwambia sitaki wa uji wa asubuhi, nataka wa kusonga mchana. Duka zima likacheka. Kumbe breakfast ndiyo sembe yao, imekobolewa hadi ikawa nyeupe pee. Roller imebakiwa na pumba kidogo na bei yake ni nafuu.

Nshima yenyewe ni laini kuliko ugali wetu. Wanaanza na uji, unafunikwa utokote vizuri, ndipo wanaongeza unga wa kukazia. Hawapindui sufuria juu ya sinia kama sisi. Wanachota kwa upawa uliochovywa maji, vitonge vinapangwa laini kama mikate. Nilikula vinne kwa kapenta, ambao ni dagaa wetu wa Tanganyika, nikalalamika sijashiba. Nilishiba nilipojaribu kusimama.

Lubumbashi wanaita bukari. Wengi huchanganya unga wa mahindi na wa muhogo, unavutika, na ukiupata na sombe, yaani kisamvu, hutakumbuka nyumbani. Unga mwingi wa kule hupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, hivyo Zambia ikizuia unga kutoka, Lubumbashi inajua siku hiyo hiyo.

Haya, leteni yenu.

Kijana wa Tanga
Mimi ni Kampala, mwaka wa kwanza chuoni. Mwenzangu ananiambia, "Twende, kuna posho." Nikavaa shati la maana, nikachukua na kitambulisho. Kwetu posho ni hela ya kikao, sasa mtu atakuwekaje kwenye foleni na sahani? Nilikuta ugali na maharage. Baadaye mzee mmoja akanieleza kwamba posho ilikuwa mgao wa chakula wa vibarua na askari, na mgao wenyewe ulikuwa unga. Waganda wakabaki na unga, sisi tukabaki na hela. Sijui nani alipata zaidi.

Binti wa Usangi
Nilikuwa nasubiri nani ataanza kutucheka Wapare na makande, kwa hiyo naanza mwenyewe. Nilihamia Nairobi kikazi, nikaona githeri, nikafurahi: mahindi na maharage, nimefika nyumbani. Lakini wenzangu waliikaanga kwa vitunguu, nyanya na viazi, halafu wakasema ni chakula cha bweni, hakipewi mgeni. Mgeni! Bibi yangu angewafukuza. Kwake mahindi yalikobolewa kwenye kinu, yakachemka jikoni tangu alfajiri na magadi kidogo ili yalainike, na mgeni ndiye aliyepakuliwa wa kwanza.

Mzee wa Mwala
Binti, ungekuja Ukambani. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kwa maji kidogo hadi ganda litoke, punje ibaki nzima. Unapika na maharage au mbaazi. Kazi yote iko kwenye kinu, na mama zetu mikono yao ilikuwa migumu kwa sababu hiyo. Siku hizi inauzwa imekobolewa kwa mashine, na mimi nanunua, sitajifanya.

Ila nisiyoyasahau ni mahindi ya njano. Ukame wa 1984 yaliletwa kutoka Marekani. Ugali ulitoka njano kama kiini cha yai, una utamu fulani na harufu ambayo hatukuizoea. Tuliambiwa kwao hulishwa ng'ombe, tukakasirika, tukala. Hadi leo mke wangu akinunua mahindi yenye punje tatu za njano nazitoa kwa mkono.

Baharia wa Kilindini
Hapa Mombasa hiyo githeri twaiita pure, na mahindi mabichi twayapika kwa nazi, basi sitaki kelele za bara.

Nilishuka Tema, Ghana, nikauziwa donge limefungwa kwa maganda ya mahindi. Nikafungua, harufu kali, chachu. Nikamrudishia mama: hiki kimechacha. Akanitazama kama mwendawazimu. Kimechacha kweli, ndivyo kinavyotakiwa! Kenkey: mahindi hulowekwa, yakasagwa, kinyunga kikaachwa siku kadhaa kichachuke. Sehemu hupikwa, ikachanganywa na ile mbichi, ikafungwa, ikachemshwa tena. Kwa samaki wa kukaanga na shito, pilipili yao nyeusi, siku ya tatu nilikuwa namtafuta mama yule mwenyewe.

Mama Watatu, Texas
Mwezi wangu wa kwanza hapa niliona unga mweupe wa mahindi, mfuko umeandikwa "masa". Nikasonga. Haukazi, unanata kama udongo wa mfinyanzi, unanuka chokaa. Nikamwaga sufuria nzima nikilia kwa hasira. Jirani yangu kutoka Mexico aliponisikia alicheka hadi akakaa chini. Wao huchemsha mahindi kwenye maji ya chokaa, wakayaacha usiku kucha, wakaosha ganda, ndipo wakasaga. Unga huo ni wa tortilla, mkate wao mwembamba kama chapati. Alinifundisha kukanda kwa maji ya vuguvugu, kubana, kuoka kwenye kikaango kikavu. Mfuko uliobaki uliisha kwa maharage ya nazi. Ugali sasa nasonga kwa ile cornmeal nyeupe inayopikiwa mikate huku Kusini.

Nesi Mstaafu, Songea
Mama Watatu, chokaa hiyo usiidharau. Mahindi yana vitamini ya niasini lakini imefungwa, mwili hauipati vizuri. Chokaa huifungua. Wazungu walichukua mahindi Mexico bila kuchukua mapishi. Kaskazini mwa Italia maskini waliishi kwa polenta, ugali wao wa mahindi, na Kusini mwa Marekani kwa unga wa mahindi, wakapata pelagra: ngozi inababuka juani, kuhara, akili kuvurugika. Kwetu jirani pia ilitokea. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata mlipuko wa ugonjwa huo baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao. Mahindi yalikuwepo.

Binti wa Usangi
Shikamoo nesi. Kwa hiyo magadi ya bibi yalikuwa yanafanya kazi ya chokaa?

Nesi Mstaafu, Songea
Marahaba mwanangu. Hapana, kijiko cha magadi si sawa na kuloweka usiku kucha kwenye chokaa. Yalikuwa yanaokoa kuni za bibi. Kilichokulinda wewe ni maharage yaliyokuwa sufuria ile ile.

Dereva wa Tunduma
Na mimi ninayekula ugali na chumvi nikikwama mpakani siku nne?

Nesi Mstaafu, Songea
Nunua karanga, dereva.