Crown GRS200: kioo cha mlango wa mbele kushoto kimemwagika, fundi anataka kunikatia cha dirisha la nyumba

MamaWaIlazo, Alhamisi, saa 1:40 jioni

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, na wengine wote mliko.

Nina Toyota Crown Royal Saloon, GRS200, ya mwaka 2009, nyeupe ya lulu. Aliinunua marehemu mume wangu. Tangu atutoke, gari hili ndilo linalonilipia ada ya mtoto wa mwisho, maana nalikodisha kwa maharusi na mpwa wangu ndiye dereva. Mvua zikishakatika na watu wakishavuna, harusi huku kwetu hazipumziki, na gari nalo halipumziki.

Leo asubuhi lilikuwa limeegeshwa kando ya uzio, hapa nyumbani Ilazo. Kijana mmoja alikuwa anafyeka majani ya kiwanja cha jirani kwa ile mashine ya kuning'iniza begani. Nikasikia mlio kama puto limepasuka. Nilipotoka, kioo cha mlango wa mbele kushoto hakikuwepo tena. Kimemwagika punje punje kwenye kiti, kwenye zulia, hadi pale mkanda unapochomekwa. Kilichobaki kimening'inia kwenye tinti kama kitambaa. Kokoto yenyewe nimeiokota, haizidi punje ya karanga.

Kijana alizima mashine, akaja mwenyewe kuniambia ni yeye, anatetemeka. Hilo nimelithamini sana.

Sasa swali. Fundi wa madirisha ya alumini kule Majengo amekuja, amepima uwazi wa mlango kwa futi, akasema atanikatia kioo cha milimita 5 kwa shilingi 45,000 na kesho jioni kinakuwa tayari. Fundi wangu wa gereji anasema nisikubali, nitafute kioo chenyewe Dar, lakini hanielezi kwa nini. Nina harusi Jumamosi ya wiki ijayo, namchukua bibi harusi kule mtaa wa Kikuyu nampeleka kanisani, kisha ukumbini Ipagala. Siku tisa tu. Upepo nao umeshaanza, nikiliacha wazi vumbi litakula viti.

Aliyewahi kupitia hili anisaidie. Naomba maelezo, si kuniambia "usifanye" halafu basi.

FundiKizota, Alhamisi, saa 3:15 usiku

Shikamoo mama, pole sana. Mimi ni fundi wa magari Kizota, mwaka wa kumi na nne huu. Umeomba maelezo, nakupa.

Kioo kilichovunjika kilikuwa kimepikwa. Kiwandani hukatwa kwanza, hutobolewa matundu ya bolti, kisha hupashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, hupindwa kufuata umbo la mlango na kupulizwa upepo mkali ghafla. Nje hupoa na kukaza mapema, katikati hupoa baadaye huku pakivuta. Mvutano huo ndio unaokifanya kivumilie kupigwa ngumi, na ndio huo huo unaokifumua chote kwa mara moja kitu chenye ncha kikitoboa ngozi yake. Ndiyo maana umeokota punje. Kikishapikwa hakikatwi tena, ukikigusa kwa almasi ya kukatia vioo kinamwagika mkononi.

Cha dirisha la nyumba hakijapikwa. Kikivunjika kinatoa visu. Abiria wako anakaa shingo yake ikiwa karibu kabisa na kioo hicho, na gari likigongwa ubavuni, hata kwa mwendo mdogo, visu vinaingia ndani. Niliwahi kutoa kioo cha namna hiyo kwenye mlango wa Mark II iliyoletwa kwangu imevutwa. Kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa kama kiganja changu, na kiti kilikuwa na damu. Tangu siku hiyo sipokei kazi ya kufunga kioo cha kukata, hata mteja akilia.

Tena hakitafanya kazi. Chukua rula ndefu, isimamishe kwa nje kwenye kioo cha mlango wa kulia. Utaona inagusa katikati, juu na chini mwanga unapita. Kioo cha mlango kimepinda. Kioo bapa hakifuati mfereji wa mpira, kwa hiyo huyo fundi wa alumini ama ataiua mota inayopandisha kioo, ama atakibandika kwa silikoni kisishuke milele.

Kabla hujalala angalia pembe ya chini ya kioo cha kulia. Kuna maandishi madogo, jina la kiwanda na neno TEMPERED au TEMPERLITE. Unachotafuta ni kioo chenye maandishi kama hayo. LAMINATED ni cha mbele ya dereva, kile chenye tabaka mbili. Yapo magari ya kifahari ambayo hata milangoni yana hicho cha tabaka mbili, ila lako lisingemwagika punje kama lingekuwa nacho.

KakaWaManyoni, Alhamisi, saa 3:50 usiku

Mama shikamoo. Fundi amemaliza upande wake, mimi nakupa upande wa kununua, maana mwaka jana niliagiza kioo cha Crown kama hiyo yako kutoka mtaa wa Gerezani, Dar, kikanifikia Manyoni kizima. Cha kwanza kilifika kimeshavunjika, kwa hiyo najua njia zote mbili.

Fungua boneti, piga picha ile bati ndogo yenye namba ya chesisi. Inaanza na GRS200, kisha kistari, kisha namba. Mtumie muuzaji picha hiyo kabla hamjaongea bei. Crown ya kizazi cha nyuma, ile GRS180, ni mlango mwingine, na Mark X pia, hata kama mtu anakwambia "mama zinaingiliana hizo". Haziingiliani.

Usiseme "kushoto" peke yake. Kuna wauzaji wanahesabu kushoto wakiwa wamesimama mbele ya gari wanalitazama. Sema "mbele, upande wa abiria". Mimi kosa hilo lilinigharimu siku tatu.

Mwambie akupigie picha mbili kabla hujatuma hela, kioo kizima kikiwa kimesimama, na pembe yenye maandishi kwa karibu. Angalia kingo. Kioo kilichopikwa udhaifu wake uko kwenye ukingo, kikiwa na kijipengo kidogo tu pembeni kinaweza kufumuka kwenye rasta ya kwanza, vile vituta vidogo vya barabarani. Mkwaruzo wa katikati unaonekana vibaya lakini hauvunji.

Na ufungaji. Kile cha kwanza walikilaza chini ya mabegi kwenye buti la basi. Cha pili niliwaambia wazungushie kingo zote godoro la sponji, wakiviringe kwenye blanketi, wakitie kwenye boksi gumu na waandike KIOO, KISIMAMISHWE. Nilimlipa kondakta hela ya ziada kidogo akakaa nacho nyuma ya kiti cha dereva. Nililipa 110,000 kwa kioo cha mtumba cha Japani, jumla na usafiri 125,000.

MamaWaIlazo, Ijumaa, saa 12:20 asubuhi

Marahaba wanangu. Nimesoma usiku ule ule, nimekwenda na tochi na rula ya mtoto ya shule. Kweli inagusa katikati tu. Na neno ni TEMPERLITE. Fundi wa alumini nimempigia simu, nimemshukuru, nimemwambia aache.

Bima yangu ni ndogo. Kuna uwezekano wowote pale? Na kijana ameleta shilingi 20,000, anasema nyingine ataleta mwisho wa mwezi.

Mwanakijiji_Chamwino, Ijumaa, saa 1:30 asubuhi

Dada, bima ndogo inalipa madhara unayomfanyia mwingine, kioo chako mwenyewe hakimo. Usipoteze siku kwa hilo. Kwa kijana, naomba nikushauri kama kaka yako. Angekimbia, usingemjua. Chukua hiyo 20,000 na umpe kazi ya mikono badala ya deni, maana kuna kazi kubwa ya kuokota punje ndani ya hilo gari.

Na kabla upepo wa mchana haujaanza, funika dirisha kwa nailoni nene. Utepe uubandike kwenye mpira na kwenye trimu, lile bao la ndani ya mlango, usiuguse kwenye rangi. Jua la huku likiupika siku mbili unatoka na koti la juu la rangi, na nyeupe ya lulu haichanganywi na kila mtu.

FundiKizota, Ijumaa, saa 4:05 asubuhi

Naunga mkono la kijana. Tena punje ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi tunaiharakisha na mteja anaijutia, kwa hiyo mama msomee mpwa wako haya, na msimamie yeyote atakayefunga.

Nusu ya kile kioo haipo kwenye kiti, iko ndani ya mlango. Kabla ya kufungua chochote, toa kichwa cha hasi cha betri na usubiri zaidi ya sekunde 90, kwa sababu gari hili lina eabegi, ile mifuko ya hewa, za ubavuni na umeme hubaki kidogo kwenye kifaa chake. Kisha toa skrubu iliyojificha nyuma ya kitasa cha ndani na zile za pale pa kushikia mkono, vuta trimu kuanzia chini mpaka klipu ziachie, halafu inyanyue kwenda juu. Usiivute kwa hasira, klipu zikikatika mlango utagonga gonga kila ukipita tuta.

Nyuma yake kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Ibandueni polepole kwa kisu butu, msiichane. Inazuia maji na vumbi, na ni lazima irudi mahali pake kama ilivyokuwa. Hapa Dodoma nimeona milango mingi ambayo nailoni hiyo ilitupwa, trimu imejaa vumbi jekundu na mbao yake imevimba kwa mvua za Januari.

Sasa punje. Vuteni kwa mashine ya kuvuta vumbi, kisha pulizeni kwa kompresa, kisha vuteni tena. Chini kabisa ya mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Yachokonoeni kwa waya mmoja mmoja. Punje na vumbi vikiyaziba, maji ya mvua yanabaki mlangoni na kutu inaanzia ndani, utaiona siku rangi itakapofura. Halafu ule mpira wenye manyoya unaofuta kioo kikipanda, utoeni kabisa, muuoshe kwa maji ya sabuni. Punje moja ikibaki kwenye manyoya hayo, kioo chako kipya kitapata mstari mrefu siku ya kwanza. Mfereji wa mpira wa pembeni nao mpitishe kidole chenye glavu kutoka juu hadi chini.

Kioo kinaingia kwa kuinamishwa, upande wa mbele chini kwanza, kinakaa kwenye mifereji, ndipo bolti mbili za spana namba 10 zinafungwa kwenye chuma kinachokinyanyua. Msikaze mpaka mwisho kabla hamjakipandisha na kuona kimekaa sawa juu.

MamaWaIlazo, Jumanne, saa 2:10 usiku

Kioo kimefika Jumapili kwa basi, kimesimama kama alivyosema Kaka wa Manyoni, kizima. Nimelipa 115,000 pamoja na usafiri. Pembeni kuna TEMPERLITE kama mwenzake.

Leo tumefunga. Kijana alikuja saa moja asubuhi, yeye na mpwa wangu wametoa kiti cha abiria na kuokota mpaka saa tano. Punje zimejaa kopo la maziwa la kilo, sikudhani kioo kimoja kina vitu vyote hivyo. Kwenye matundu ya chini walitoa punje tisa na udongo mgumu wa miaka. Nimemwambia kijana tumemalizana, asiniletee hela tena.

Lakini kuna jambo. Kioo kinapanda vizuri, kikifika juu kinarudi chenyewe chini kama robo. Na kitaa kidogo kwenye swichi kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Fundi wa gereji anasema mota imekufa. Nimeishiwa nguvu.

FundiKizota, Jumanne, saa 2:25 usiku

Mama, mota ni nzima. Betri ilipotolewa na kioo kubadilishwa, mota imesahau mwisho wake uko wapi, inadhani imegusa mkono wa mtu, ndiyo maana inarudi. Washa swichi ya gari. Kaa kiti cha abiria, tumia swichi ya mlango huo huo, si ile ya dereva. Shusha kioo hadi nusu. Sasa vuta swichi juu mpaka mwisho wake, usiiachie. Kioo kikishafunga endelea kuishikilia, hesabu moja, mbili, tatu, ndipo uachie. Kitaa kitaacha kupepesa.

MamaWaIlazo, Jumanne, saa 2:41 usiku

Kimeacha! Nimerudia mara nne, kinapanda kwa mguso mmoja na kinatulia juu. Mungu akubariki mwanangu. Nimekaa mle ndani nimefunga vioo vyote, nje upepo unavuma, ndani kimya kama marehemu alivyokuwa anakipenda.

Moja la mwisho. Kulia kuna tinti, kushoto sasa hakuna. Nikaweke kesho?

FundiKizota, Jumanne, saa 2:50 usiku

Usiweke kesho, mama. Tinti ikibandikwa, kioo kisishushwe siku tatu nne mpaka maji yake yakauke, la sivyo inakunjamana pale kwenye manyoya. Jumamosi aliyekaa mbele atataka kushusha kioo apige vigelegele. Picha zinapigwa nyuma kwa bibi harusi, na huko vioo vyako viko sawa. Njoo Jumatatu.

MamaWaIlazo, Jumanne, saa 2:53 usiku

Basi Jumatatu. Nitakuja nayo mwenyewe Kizota, nikuone.