Baraza la bajeti Likoni, mkalimani wa ishara yuko Nairobi, tunapanga vipi?

mama_zai: Jamani habari zenu. Wiki ijayo tuna baraza la bajeti ya kaunti huku Likoni na viziwi sita washasema watakuja. Wakalimani wa ishara tunaowajua hapa Mombasa wote wana kazi siku hiyo, tumepata mmoja Nairobi atatufanyia kwa Zoom. Nina laptopu, projekta na bando ya simu, yatosha kweli?

fundi_spika: Bando usiitegemee dadangu, ukumbi ukijaa kila mtu yuko WhatsApp utaona mtandao unavyokokota. Ishara si kama sauti ati, picha ikiganda sekunde mbili ushapoteza sentensi nzima. Tafuta fiba hata kama ni ya duka la jirani, vuta waya mpaka kwa laptopu. Na sauti itoke kwa mixa iingie laptopu moja kwa moja, usitegemee maiki yake, mkalimani atasikia feni tu.

kiziwi_wa_kisauni: Mimi mwenyewe kiziwi. Baraza moja nililokwenda skrini ilikuwa kubwa, mkalimani namuona vizuri, lakini kamera ya kutuelekea sisi haikuwepo, nikitaka kuuliza napunga mikono, mwenyekiti akadhani napiga makofi ya viziwi, yale ya kutikisa mikono hewani, akanirudishia 😂 Swali langu nikaliandika karatasi, likasomwa watu washaanza soda. Katiba kifungu cha 54 inatupa haki ya KUTUMIA lugha ya ishara, si kuitazama. Weka simu ya pili ituangalie, tukae mbele, na dirisha lisiwe nyuma yetu maana tutakuwa vivuli. Halafu mkalimani mmoja kwa baraza la saa tatu ni kumuua, wanafaa kuwa wawili wakipokezana kila dakika 20 hivi.

mdigo_asilia: Mmesahau wazee wetu. Mzee akishika maiki akikasirika anahamia Kidigo, huyo wa Nairobi atafanyaje? Awepo mtu hapo wa kugeuza kwa Kiswahili, na wasiongee wawili kwa mpigo. Karatasi za bajeti pia mtumie mapema na majina ya huku, Timbwani, Mtongwe, Shika Adabu, asianze kuyaspeli kwa vidole kwa kubahatisha.

mama_zai: Kidigo wallahi sikukifikiria kabisa. Mkalimani wa pili nimempata, yuko Kisumu, na jumamosi tutajaribu mitambo na viziwi wawili wenyewe. Sasa nataka stendi ya simu ya kuazima, aliye nayo karibu na feri aniambie.