Owino Uhuru: watu walivutishwa moshi wa madini ya risasi, wakaja kuzungushwa kortini miaka na miaka

Wadau, hili jambo linaniuma na leo nalisema lote.

Kwa asiyejua, Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda kule Mikindani, Mombasa, una watu kama 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, yaani yale madini yenye sumu yaitwayo lead kwa Kiingereza, kikaanza kazi ubavuni mwa nyumba zao. Ubavuni kabisa! Nani alikwenda pale, akaona watoto wanacheza, akatia sahihi?

Betri zikiyeyushwa hutoka moshi na vumbi jembamba. Vumbi hilo hutua juu ya mabati, mvua ikinyesha linashuka na maji mpaka kwenye pipa. Linatua kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye mchanga ambao mtoto anatambaa. Akitia kidole mdomoni tu, basi. Risasi huingia kwenye damu, ikahamia mifupani na kukaa humo miaka mingi. Inaharibu mimba, inaleta upungufu wa damu, na ubongo wa mtoto ikishauharibu hakuna dawa ya kuurudisha. Shirika la Afya Duniani (WHO) wenyewe wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hichohicho, na mwanawe mchanga akaugua kwa sumu hiyo. Akapaza sauti. Mwaka 2012 akakamatwa yeye, akashtakiwa kwa uchochezi! Kesi ilianguka, lakini anayelalamikia moshi ndiye aliyelazwa selo. Kiwanda kimekuja kufungwa 2014.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Na sikilizeni hapa: NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, tunaowalipa kwa kodi yetu watulinde, walibebeshwa asilimia 40 ya fidia hiyo, zaidi hata ya kiwanda chenyewe. Walifanya nini? Wakakata rufaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa ile fidia, na watu wakalazimika kupanda mpaka Mahakama ya Juu, iliyoirudisha Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kinaanza alikuwa na miaka 17 siku hiyo. Wangapi walizikwa wakingoja?

Nyie NEMA, msituambie hamkujua. Wakazi waliandamana, waliandika barua, walipeleka majibu ya damu za watoto wao.

Ninachodai ni hiki: walipwe bila kuzungushwa tena, udongo wa pale usafishwe, na kila mtoto wa mtaa ule apimwe na kutibiwa bure. Waliotia sahihi leseni ile nao waitwe kwa majina, wajibu hadharani.

Na wewe unayeishi karibu na tanuri la betri, iwe Kenya au Tanzania, andika hapa chini moshi wake unaelekea wapi na ni nani ulishamlalamikia.